Karani, Mbwa Aliyelinda Mahindi Yetu kwa Miaka Kumi na Miwili

Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba mwezi Mei mwaka 2022 nilimfukia Karani ardhini akiwa hai. Sikukusudia, lakini ni mimi. Nitaeleza ilivyokuwa mbele kidogo, kwa sababu wasifu wa mstaafu unapaswa kuanza na utumishi wake, na utumishi wa Karani hauna doa. Doa ni langu.

Karani, mbwa wa stoo ya chakula ya shule yetu hapa Haneti, anastaafu Ijumaa tarehe 26 Septemba 2025, siku moja na Mzee Gerson Chibago, mtunza stoo. Mzee Gerson ametumikia shule hii kwa miaka thelathini na moja. Karani ametumikia kwa miaka kumi na miwili na miezi miwili. Wasifu wa Mzee Gerson umeandikwa na makamu mkuu wa shule na uko ukurasa wa pili wa programu hii. Huu wa Karani nilipewa mimi, kwa kuwa mkutubi wetu alisema hakuna mwanafunzi mwingine aliyeazima kitabu cha mbwa mara kumi na moja.

Alifika Julai 2013. Mama Loisi, mpishi wetu mkuu, anasimulia kwamba mwaka huo panya walikuwa wengi kiasi kwamba ukisimama karibu na gunia la mahindi uliliona linapumua. Paka wawili waliletwa. Mmoja alihamia nyumba za walimu, mwingine akaamua kuishi jikoni kwa kula ukoko. Sumu haikuwezekana, kwani hicho kilikuwa chakula cha wanafunzi mia nne. Ndipo Daktari Ebenezer, aliyekuwa daktari wa mifugo wa kata, alipokuja na pikipiki, nyuma yake amefunga kikapu, na ndani ya kikapu kuna mbwa mwenye umri wa mwaka mmoja. Alikuwa ameachwa na familia ya wageni waliomaliza mkataba wao Dodoma mjini wakarudi kwao.

Alikuwa mweupe, mwenye baka la kahawia kwenye jicho la kushoto, na hakufika magotini. Mama Loisi alipomwona alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Daktari, tumeomba mbwa, umetuletea panya mweupe!"

"Mama, mpe muda mpaka saa saba."

"Saa saba ya leo au ya mwakani?"

Saa saba mchana, panya kumi na wanne walikuwa wamelazwa kwenye mstari mbele ya mlango wa ofisi ya walimu, vichwa vyote vikiangalia upande mmoja. Mwalimu wa hisabati, aliyekuwa anatoka kwenda kufundisha, inasemekana aliwaruka wote kumi na wanne kwa mruko mmoja. Mama Loisi alimpa mbwa kipande cha nyama na kumwomba radhi mbele ya wapishi wenzake.

Jina alipewa na Mzee Gerson. Aligundua kwamba kila asubuhi, stoo ikifunguliwa, mbwa huyu alianza na gunia la kwanza karibu na mlango, akalinusa, akasimama kidogo, akaenda la pili, akaendelea hivyo mpaka la mwisho, bila kuruka hata moja, kama mtu anayehakiki orodha. Gunia alilokaa nalo zaidi, hilo lilikuwa na mgeni. "Huyu si mbwa," Mzee Gerson alisema, "huyu ni karani." Tangu siku hiyo alimsalimia kila asubuhi kwa Kigogo, kama mfanyakazi mwenzake: "Mbukwa, Karani," na Karani alijibu kwa kutikisa mwili mzima kuanzia mabegani.

Karani ni teria wa aina ya Jack Russell. Kitabu kilichopo maktaba, ambacho jalada lake limetoka, kinaeleza kwamba aina hii ilianzishwa yapata miaka mia mbili iliyopita na kasisi mmoja wa kusini magharibi mwa Uingereza, na imebeba jina lake. Kasisi huyo alipenda kuwinda mbweha akiwa juu ya farasi, akiongozana na mbwa wakubwa wenye mbio. Tatizo ni kwamba mbweha akizidiwa huingia shimoni, na mbwa wakubwa hubaki juu wakibweka tu. Alihitaji mbwa mdogo wa kutosha kuingia humo, jasiri wa kutosha kukutana na mbweha uso kwa uso gizani, lakini mwenye kiasi, asimuue. Kazi yake ilikuwa kumbughudhi mbweha mpaka atoke. Weupe wake ulipendelewa ili wawindaji wasimdhanie mbweha. Hata neno teria lina asili ya Kilatini na linatokana na neno linalomaanisha ardhi. Ni mbwa wa kuingia chini.

Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje. Nitafika huko.

Kuhusu tabia, kitabu kinaonya kwamba teria huyu ana nguvu kuliko mwili wake, ana akili, ni mkaidi, anachimba, anabweka, na akikosa kazi atajitafutia. Shule yetu inaweza kuthibitisha kila neno. Mwaka 2016 alichimba bustani yote ya maua iliyoandaliwa kwa mahafali, kisha akalala katikati yake kama mwenye shamba. Alipinga kwaya ya shule kila ilipofika sauti ya juu. Kandambili za Mama Loisi zilipatikana kwenye mashimo tofauti, moja mwaka 2014 na ya pili mwaka 2019. Ukimwita aoge, alikutazama namna wanafunzi wa kidato cha nne wanavyomtazama mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayewaomba nafasi kwenye foleni.

Lakini ukaidi huo ndio uliotulisha. Mwaka 2017 yaliletwa magunia sitini mapya. Karani alikaa mbele ya rundo hilo kuanzia asubuhi, akakataa kula, akakataa kutoka. Mzee Gerson alikuwa ameyapokea magunia yale kwa mikono yake mwenyewe na alisema hayana kitu.

"Mbwa wako kachoka akili," Mama Loisi alimwambia.

"Hajachoka. Ananibishia tu."

Kufikia saa kumi jioni Mzee Gerson alishindwa na macho yale. Aliita vijana, wakahamisha gunia moja baada ya jingine. Chini ya gunia la mwisho kabisa alikuwapo panya jike na watoto wanane. Mzee Gerson alivua kofia. Tangu hapo akawa na msemo wake: "Mimi na Karani tukitofautiana, mnikague mimi kwanza."

Sasa nieleze langu.

Mimi natoka mtaa wa Kikuyu, Dodoma mjini. Sisi ni Waislamu na nyumbani hatufugi mbwa. Nilipoanza kidato cha kwanza niliogopa kulambwa, kwa hiyo nilizunguka bwalo lote ili nisipite karibu na stoo. Karani hakuwahi kunifuata wala kunirukia. Aliniangalia tu nikipita mbali, akaendelea na kazi. Kwa kukaa mbali hivyo, sikujua jambo ambalo wenzangu wote walilijua: kwamba ukiona tundu nyuma ya stoo na Karani haonekani, tundu hilo usiliguse, kwa sababu yumo.

Mei ile tuliambiwa wathibiti ubora wa shule wanakuja. Wote mnajua siku kama hizo zinavyokuwa. Tulipaka chokaa mawe ya njiani, tulifagia mpaka mahali pasipopitwa na mtu, na kikundi chetu cha mazingira kikaambiwa kifukie kila shimo ili uwanja uonekane sawa. Nyuma ya stoo nilienda peke yangu. Nilikuta tundu la nguchiro, upana wake kama sahani. Niliweka mawe yaliyobaki, yaliyokwisha pakwa chokaa, nikajaza udongo, nikamwaga ndoo ya maji, nikashindilia kwa miguu. Nikiwa nashindilia nilisikia mkwaruzo chini. Nikadhani ni panya. Nikashindilia zaidi, nikifurahi kwamba nafanya kazi vizuri. Mwalimu wa zamu alinisifu.

Jioni Mzee Gerson alizunguka uzio akiita. Aliita kwa Kiswahili, akaita kwa Kigogo. Wakati wa kugawa chakula Mama Loisi aliuliza, "Nyie watoto wa mazingira, hakuna aliyeziba tundu kule nyuma?" Wenzangu walisema hapana, na walisema kweli, wao hawakuziba. Mimi nilikuwa mwisho wa foleni na sahani mkononi. Hapo ndipo nilipoelewa, na sikusema kitu. Nilikuwa na miezi minne shuleni, na kila nilipotaka kuongea mbele ya watu sauti yangu ilipotea. Hiyo ni sababu, si udhuru.

Alfajiri ya siku ya pili nilienda na kijiko cha chakula kujaribu kulifungua. Udongo ulikuwa umekauka kama tofali na kijiko kikapinda. Kengele ililia, nikaenda kupanga mstari.

Siku ya tatu asubuhi Karani alitokea nje ya uzio, kwenye shamba la alizeti lililokuwa limevunwa, hatua arobaini hivi kutoka stoo. Alikuwa amelifuata tundu huko huko chini, akichimba palipoziba, mpaka akatoka upande wa pili. Kucha zilikuwa zimeisha, sikio moja limechanika, na mwili wote ulikuwa mwekundu kwa udongo. Alikunywa maji, akalala saa tatu, kisha akaamka akaenda kukagua magunia kuanzia la kwanza.

Kwa kuwa alionekana nje, kila mtu alisema alitoka getini. Mkuu wa shule wa wakati huo, ambaye sasa amehama, alimwandikia Mzee Gerson barua ya onyo kwa kuacha geti wazi na kupoteza mali ya shule. Mzee Gerson alisema geti alilifunga. Aliambiwa, "Mzee, mbwa hapiti ukutani." Ikaamriwa Karani afungwe mnyororo kila siku kuanzia saa kumi na mbili jioni. Panya hufanya kazi usiku, kwa hiyo ilikuwa sawa na kuajiri mlinzi wa usiku na kumruhusu aje mchana tu. Kwa mbwa ambaye babu zake waliumbiwa kufuata mbweha chini ya ardhi, mnyororo ni adhabu ambayo wengi wetu hatuwezi kuifikiria. Wiki za kwanza alilia. Mzee Gerson alikuwa akibaki naye, amekaa kwenye kopo la rangi, mpaka anyamaze, ndipo anaenda kwake.

Hapo ndipo nilipoanza kuazima kitabu. Nilitaka kujua nilimfukia nani. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoacha kuzunguka bwalo. Nilianza kupita karibu na stoo, kisha kukaa kwenye ngazi yake na daftari langu. Karani alikuja kukaa ngazi ya chini yangu, akaacha nafasi kati yetu, kama vile ameambiwa naogopa kulambwa. Sijawahi kuona kiumbe anayefanya kazi kwa moyo namna ile bila kuangalia kama anatazamwa.

Mwaka huu shule imepata vihenge vya chuma, na panya hawana tena pa kuingilia. Karani ana ukungu kwenye jicho la kulia na hasikii vizuri. Mwezi Agosti Mzee Gerson aliandika barua kuomba amchukue, wastaafu pamoja, akaishi naye kijijini kwake. Bodi ya shule ilimjibu kwamba Karani ni mali ya shule, na kwa kuwa jalada la Mzee Gerson lina onyo la kumpoteza mbwa huyo, hawezi kukabidhiwa. Mbwa atabaki shuleni, kwenye kibanda, amefungwa mchana na usiku.

Nilikuwa jikoni kurudisha sahani alipoisoma barua hiyo.

"Wanasemaje?" Mama Loisi akamuuliza.

"Wanasema mimi ni mtu wa kupoteza."

Aliikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akarudi stoo.

Hayo yote ya juu niliyaandika Jumapili, na nilikuwa nimekusudia kumalizia hapa kwa shukrani. Kwa hiyo nishukuru. Kwa niaba ya wanafunzi wote waliokula makande ya shule hii tangu mwaka 2013, tunamshukuru Karani kwa kila punje iliyofika sufuriani badala ya kuishia kwenye tundu. Tunamshukuru kwa ukaidi wake, kwa kelele zake, hata kwa bustani ya maua. Karani, uwe na jua la asubuhi la kuotea, udongo laini wa kuchimba kwa kujifurahisha, na mtu wa kukusalimia kila unapoamka. Maisha ya ustaafu yawe mema kwako.

Lakini niliposoma nilichoandika, niliona kwamba ninamtakia mambo ambayo ningeweza kufanya ayapate, na sijafanya.

Jumatatu saa nne nilienda ofisini kwa mkuu wetu wa shule, Madam Angelina, nikampa karatasi hizi. Alisoma yote kabla ya kuniambia nikae.

"Rukaya, umekuja leo kuniambia jambo la mwaka 2022?"

"Ndiyo, madam."

"Bodi inakaa Jumatano. Utawaambia mwenyewe."

"Siwezi kuongea mbele ya watu, madam."

"Basi utasoma. Kusoma najua unaweza."

Kutoka hapo nilienda stoo, nisije nikasikika bodini kabla Mzee Gerson hajasikia kwangu. Alikuwa anashona gunia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Rukaya."

Nikamwambia. Sindano ilisimama. Akauliza, "Ulimsikia akikwaruza?"

"Nilimsikia. Nilidhani panya."

"Na jioni? Ulinisikia mimi nikiita?"

"Nilikusikia, mzee."

"Siku mbili nilizunguka huo uzio na magoti haya. Miaka mitatu namfunga mnyororo kwa mkono wangu. Na wewe unakaa hapo kwenye ngazi unasoma." Alikuwa hajapaza sauti. "Nenda darasani."

Nikaenda.

Jumatano nilisimama mbele ya watu saba nikasoma kuanzia sentensi ya kwanza. Karatasi niliishika kwa mikono miwili. Nilipomaliza, mjumbe mmoja alisema wanafunzi wanampenda Mzee Gerson na wanaweza kumtungia hadithi. Mwenyekiti, Bwana Elieza, akaniuliza kama ninaweza kuonyesha mahali penyewe. Tulitoka wote. Nilionyesha, mtunza bustani akachimba. Kina cha mkono mmoja yakatokea mawe matano yenye chokaa, na nyuma ya mawe hayo tundu lilikuwa bado wazi, linaelekea kwenye uzio. Bwana Elieza alichuchumaa akalitazama. Alisema tu, "Kumbe hakupita getini."

Barua ya onyo imeondolewa kwenye jalada. Karani amekabidhiwa kwa Mzee Gerson kwa maandishi. Mimi nimepewa adhabu ya kufyeka nyuma ya stoo Jumamosi tatu, na nimeona ni ya haki.

Leo, Alhamisi, wakati wa mapumziko, Mzee Gerson alikuja mpaka mlango wa maktaba. Hakuingia.

"Karani ana chombo chake cha maji, kile cha saruji," alisema. "Ni kizito, na mimi kesho nitakuwa na mizigo mingine. Utatubebea mpaka barabarani?"

"Nitabeba, mzee."

"Usichelewe."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikumuuliza. Alipoondoka nilirudi mezani, nikaongeza kurasa hizi, nikazipeleka ofisi ya taaluma zipigwe chapa, kisha nikaenda nyuma ya stoo kukipima kile chombo kama kweli ninaweza kukinyanyua. Kilikuwa na maji bado. Nikamsubiri Karani anywe kwanza.